Ebu Gusa Mti: Historia Yetu Iko Kwenye Gome

Wiki iliyopita niliposti video ya sekunde 40. Ilikuwa magome ya miti tu, nimesongeza simu karibu hadi huoni jani wala tawi. Nikauliza: hii ni nini?

Komenti zilinimaliza. Mmoja alisema ni ngozi ya ndovu. Mwingine akasema ni Turkana ukiiangalia kutoka kwa ndege. Kuna msee alisisitiza kabisa ni kisigino cha babake. Ilichukua komenti nyingi sana kabla mtu aseme, "Si huo ni mti tu?"

Ni mti tu, ndiyo. Lakini kuna picha moja niliitoa kwenye ile video dakika ya mwisho. Nilikuwa nimeipiga kwa shamba la shosho, upande wa Othaya. Niliitoa kwa sababu ningeulizwa ilikuwaje, na jibu silo la kutoa kwa komenti. Ndiyo sababu leo siongei kwa kamera, naandika. Mniwie radhi, ni ndefu. Shika chai.

Kwanza, gome ni nini?

Niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea miti, kwa hivyo nawapa vile nimeelewa kwa kusoma na kuuliza wazee.

Gome lina sehemu mbili. Ile ya nje, ngumu, ile unaona, imekufa tayari. Ni koti. Inazuia jua, moto, wadudu na mbuzi wa jirani. Chini yake kuna gome la ndani, laini na lenye unyevu, na hilo liko hai. Majani yanapika chakula huko juu, na barabara ya kuteremsha hicho chakula hadi kwa mizizi ni hilo gome la ndani. Maji yanapanda kupitia mbao, chakula kinashuka kupitia gome. Halafu kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba sana unaoteleza. Huo utando ndio unatengeneza gome jipya upande mmoja na mbao mpya upande mwingine.

Sasa shika hii moja, maana tutairudia: ukibandua gome upande mmoja, mti unaumia lakini unaweza kupona. Ukilibandua kuzunguka mti wote kama mshipi, na ule utando ukienda nalo, umefunga barabara. Majani yataendelea kuwa kijani kwa muda, hata mwaka au zaidi, na wewe utadhani mti uko sawa. Kumbe huko chini mizizi inalala njaa.

Na mbona magome hayafanani? Kwa sababu mti unanenepa kila mwaka na koti la nje halinyooki. Kila aina ya mti ina njia yake ya kutoshana na hilo koti. Mkaratusi, ule shosho huita mti wa kunywa maji, unalivua lote kwa vipande virefu na kubaki mlaini, mweupe na madoa ya kijivu. Mwerezi wa Aberdare unachanika nyuzi nyuzi. Mkuyu unatoka karatasi nyembamba za manjano ukiukwaruza na kucha. Mbuyu wa Mombasa, ile ya kando ya bahari pale Mama Ngina, haupasuki sana, unakunjika tu kama soksi iliyoshuka, na ukibanduliwa gome unaweza kuliotesha tena. Watu wamesokota kamba kutoka kwa nyuzi zake tangu zamani, na mibuyu bado imesimama.

Ukitaka kuona mengi siku moja, enda Arboretum ya Nairobi, ile iko karibu na State House. Kuna aina zaidi ya 300 za miti. Mimi nilidhani ni bustani ya watu wa mapicha na wapendanao. Kumbe ilianzishwa 1907 kama shamba la majaribio. Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899, injini zilikuwa zinachoma kuni, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni inakua haraka hapa ili treni isikose kuni. Sasa tunaenda pale kupiga selfi chini ya miti ambayo babu zake waliletwa kujaribiwa kama makaa.

Hapo ndipo niliacha kuangalia magome kama urembo peke yake. Nilianza kuuliza kila gome: wewe nani alikuwa anakutaka, na alikufanya nini?

Gome lililosingiziwa

Umeshaona ile miti ya Naivasha na Nakuru yenye gome la manjano linalong'aa, hata usiku taa za gari zikiipiga inaonekana kama imepakwa rangi? Wamaasai huuita olerai. Jina lake la kisayansi, xanthophloea, ni Kigiriki na maana yake ni gome la manjano tu. Ukipangusa na kidole unabaki na unga unga, na chini yake ni kijani. Hilo gome lenyewe linapika chakula kwa jua, kama jani. Miti mingi iliyokomaa imeachia majani hiyo kazi.

Wazungu wa kwanza kupita huku waliuita mti wa homa. Walikuwa wanapiga kambi chini yake, karibu na maji, na siku chache baadaye wanaanza kutetemeka. Wakaangalia juu, wakaona gome la rangi ya mgonjwa, wakaamua ni lenyewe. Mti ukapewa kesi.

Mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari wa jeshi la Uingereza anayeitwa Ronald Ross alipata vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Kumbe mti na mbu wanapenda kitu kimoja, maji, na mti ulikuwa shahidi tu aliyesimama karibu. Lakini jina halikufutwa. Hadi leo kwa Kiingereza unaitwa mti wa homa, zaidi ya miaka 100 baada ya kupatikana hauna hatia. Wale mmewahi kusingiziwa kitu shuleni mnajua hii hali.

Na dawa ya hiyo homa ilitoka wapi? Kwa gome. Si la huku, ni la mti unaoitwa cinchona, kutoka milima ya Andes, Amerika Kusini. Mapadri Wajesuiti walilipeleka Ulaya miaka ya 1600. Mwaka 1820, pale Paris, wanakemia wawili, Pelletier na Caventou, wakatenga ile kitu chungu ndani yake na kuiita kwinini. Baadaye Waingereza na Waholanzi walitoa mbegu Amerika Kusini kwa njia za panya, wakazipanda India na Java, na kufikia miaka ya 1930 sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilikuwa inatoka Java.

Sasa unganisha. Askari, mapadri na makarani wa kikoloni waliweza kukaa Afrika bila kufa wote kwa malaria kwa sababu ya gome lililobebwa kutoka bara lingine. Mwalimu wangu wa historia alitufundisha kuhusu bunduki na mikataba. Gome hakulitaja hata siku moja.

Gome la baharini

Tuteremke Lamu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko. Watu wa bara tunasema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Mtu wa Lamu atakucheka. Kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa, kuna muia, kuna mchu, kuna mlilana, na kila moja ina gome lake na kazi yake. Boriti zake zilipakiwa kwa majahazi karne na karne kwenda Arabuni na Ghuba, na nyumba za huko zikaezekwa kwa miti ya kwetu. Upana wa vyumba vya nyumba nyingi za kale za Uswahilini uliamuliwa na urefu wa boriti.

Lakini hapa naongea gome. Gome la mkandaa na mkoko lina tanini nyingi, ile kitu inayokausha mdomo ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Ndani ni jekundu. Wavuvi walilitumia kupaka nyavu rangi ili zisioze haraka. Halafu viwanda vya ngozi vya ng'ambo vikagundua kwamba tanini hiyo inageuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu na hatamu za farasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1900, gome lilikuwa linatoka pwani yetu kwa meli, na Wajerumani walikuwa wanafanya hivyo hivyo kule Rufiji, Tanganyika.

Mvuvi wa nyavu alihitaji gome kiasi cha sufuria. Meli ilihitaji shehena. Hapo ndipo tofauti ilianzia. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi, na familia za Lamu zilizoishi kwa hiyo kazi zikabaki zikikuna kichwa. Wale waliopata pesa kubwa zamani hawakuwepo kuulizwa.

Gome lililosomesha babangu

Hii sasa inaingia nyumbani.

Kama umetoka Kati, Kisii au upande wa Eldoret, unajua muwati. Kule kwetu tunauita muthanduku. Ni mti wa Australia, uliletwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1900, tena kwa ajili ya kuni za reli. Halafu ikajulikana gome lake kavu lina tanini karibu theluthi ya uzito wake. Mkoko ukapata mshindani.

Wakati huo Mwafrika wa Kati hakuruhusiwa kupanda kahawa. Kahawa ilikuwa ya walowezi, na ilifunguliwa kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1930, kisha kwa wengi baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hivyo ukitaka pesa ya kodi na ya shule, na kahawa umekatazwa, unafanyaje? Unapanda muwati. Serikali iliusukuma kwa nguvu, Thika kukawa na kiwanda cha kutengeneza dawa ya ngozi kutoka kwa gome lake, na mashamba ya watu wadogo yakajaa hiyo miti. Baadaye upande wa Eldoret kampuni moja, EATEC, ilikuwa na maelfu ya ekari za miwati. Waulize watu wa huko, jina bado wanalitumia hadi leo kwa ile ardhi.

Guka wangu alizaliwa wakati huo. Akiwa kijana mdogo kazi yake ilikuwa kubandua. Unangoja mvua, kwa sababu mvua ikinyesha gome linaachana na mbao kama ganda la ndizi. Mti wa miaka 8 hivi unaangushwa, gome linavuliwa, linafungwa mafungu kwa kamba ya hilo hilo gome, halafu unabeba mgongoni hadi kwa mnunuzi. Guka alikuwa anasema mikono ilibaki nyeusi wiki nzima, na mwalimu aliwatambua watoto wa muwati kwa vidole. Pesa ya gome ndiyo ilimnunulia kaptura ya kwanza ya shule. Miaka mingi baadaye, miwati ya ukingo wa shamba ndiyo ilimalizia karo ya babangu sekondari.

Kwa hivyo siwezi kukaa hapa nikisema kila mtu aliyeuza gome ni mbaya. Mimi ni mjukuu wa gome. Lakini ona kitu: muwati ulipandwa ili ukatwe. Ukikata huu, mwingine ulikuwa umepandwa. Guka hakuwa anabandua mti aliourithi.

Mti aliourithi alikuwa nao. Alikuwa na muiri mmoja.

Muiri

Muiri, huko Kakamega wanauita mwiritsa, Wakalenjin tenduet, ni mti wa milimani. Gome lake ni jeusi jeusi, limepasuka vipande vya mraba kama sabuni zilizopangwa ukutani. Ukikwangua kidogo unapata harufu ya lozi. Shosho alikuwa anachemsha kipande kidogo mtoto akiumwa na tumbo au kifua, na kipande kilitolewa upande wa mti ambao haukuguswa mwaka uliopita. Ule mti ulikuwa na makovu ya mraba pande zote, mengine yameshafunikwa na gome jipya. Ukisimama karibu ungeweza kusoma: hapa babako alikuwa na homa, hapa shangazi yako alikuwa na kifua. Ilikuwa faili ya hospitali ya familia yetu.

Miaka ya 1960, Wafaransa walisajili hataza ya dawa ya tezi dume iliyotolewa kwa gome la huo mti. Ni ile shida ya wazee wa kiume kukojoa kwa taabu. Dawa ikapendwa Ulaya, na gome likaanza kuondoka Cameroon, Madagascar, Kenya na kwingineko kwa tani. Kuna njia ya kulivuna bila kuua: mti uwe mkubwa, uchukue robo ya gome upande mmoja na robo upande wa pili, halafu uuache miaka upone. Yaani ile tu shosho alikuwa anafanya bila kusoma popote, tena yeye alichukua kidogo zaidi. Lakini kwa anayelipwa kwa kilo, nusu inayobaki kwa mti ni pesa anayoiacha. Miti ikavuliwa yote, mingine ikaangushwa kabisa ili gome la juu lifikike. Kufikia 1995 mti huu ulikuwa umewekwa chini ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na biashara yake kati ya nchi na nchi ikahitaji vibali.

Hayo yote niliyasoma nikiwa nimechelewa.

2021 nilikuwa na nafasi ya chuo na sikuwa na karo ya semesta ya pili. Babangu alikuwa amesimamishwa kazi wakati wa korona. Guka alikuwa ameshafariki. Nikasikia kwa stage kuna broka ananunua gome la muiri, halipi vibaya. Mimi ndiye nilimpigia. Sikutumwa na mtu. Nilimwambia shosho, na shosho, ambaye huniita "mume wangu" kwa sababu nimebeba jina la guka, aliniuliza swali moja tu: "Watachukua upande gani?"

Nikamwambia upande mmoja. Nilikuwa nimeambiwa hivyo kwa simu.

Walikuja na pikapu saa kumi na mbili asubuhi, vijana watatu na panga. Nilikuwa nimesimama pale. Walianza upande mmoja, kweli. Halafu wakazunguka. Halafu mmoja akapanda. Walikwangua hadi mbao, nyeupe kabisa, na ile majimaji ikawa inatiririka. Kazi iliisha kabla shosho amalize kukamua ng'ombe. Ningeweza kusema "hapo inatosha." Ulimi ulikuwa mzito kwa sababu nilikuwa nahesabu magunia. Pesa iliingia kwa M-Pesa pikapu ikiwa bado iko kwa lango. Shosho alikuja na ndoo ya maziwa mkononi, akazunguka mti mara moja, akaingia jikoni. Hakunigombeza. Hata leo hajawahi.

Karo ya semesta moja ililipika. Ya iliyofuata haikupatikana na nikatoka. Mti ulikaa kijani karibu mwaka mzima, na kila nikienda nyumbani nilijidanganya kwamba umepona. Mwaka wa pili majani yalianguka na hayakurudi.

Ile picha niliyoitoa kwa video ni ya huo mti. Gome halipo, mbao imegeuka kijivu, na alama za panga bado zinaonekana.

Kuna waliojua

Nimekuwa nikijiuliza kama kuna njia ya watu kutumia gome vizazi na vizazi bila kumaliza mti. Iko. Iko hapa jirani tu.

Waganda wana mti unaoitwa mutuba, ndugu wa mugumo wetu. Wanatengeneza nguo kutoka kwa gome lake, inaitwa lubugo. Rangi yake ni ya udongo mwekundu. Wafalme walitawazwa nayo, na maiti zilizikwa nayo. Msimu wa mvua fundi anakata mstari juu na mstari chini, anabandua gome lote la shina kwa kipande kimoja, halafu anapelekwa kulichemsha na kulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linapanuka na kuwa laini.

Najua unawaza nini. Si nimesema ukizungusha mti unakufa? Hapo ndipo ujuzi uko. Fundi habandui ovyo na panga. Anatumia chombo kisichokata ule utando unaoteleza, anauacha pale pale kwa mbao, na dakika hiyo hiyo anafunga shina lote kwa majani ya mgomba, kama kidonda kinavyofungwa bendeji. Gome jipya linaota. Mti huo huo unavunwa tena na tena, kwa miaka mingi. UNESCO iliutambua ufundi huo 2005, na 2008 ukaingia kwa orodha yake ya urithi wa binadamu.

Kwa hivyo panga halikuwa shida. Wala pesa peke yake, maana lubugo pia linauzwa. Yule fundi wa Buganda lazima arudi kwa ule mti mwaka ujao. Broka wangu hakuwa na mpango wa kurudi. Meli ya Lamu haikujali mti gani ulibanduliwa. Na mimi nilikuwa nahesabu semesta, sikuwa nahesabu miaka. Hiyo ndiyo naona kila nikifuata hii historia, kutoka Andes hadi Othaya. Anayejua atarudi huchukua kipande. Asiyerudi huzunguka.

Usinielewe vibaya, sisemi shosho angenyimwa pesa. Familia ikikwama inauza kile iko nacho, na wengi wenu mnasoma hii mkiwa mmeuza ng'ombe, simu au shamba ndiyo mkae darasani. Nasema tu kwamba ningeuza nusu. Nusu ya gome ingelipa nusu ya karo, na chuo nilitoka hata hivyo. Hiyo hesabu huniamsha usiku.

Sasa?

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Shosho alinipeleka nyuma ya zizi. Kumbe kabla ule mti ukauke kabisa alikuwa anaokota miche iliyojiotea chini yake, ile ndege na kima hudondoshea mbegu, na akaihamisha. Ilikuwa minne. Mbuzi walikula miwili. Miwili imefika kiunoni mwangu.

Gome lake bado ni laini, la kijani na kahawia, halijapasuka hata mahali pamoja. Nilitaka kupiga picha, akaniambia niweke simu chini nichote maji kwanza. Nikachota.

Leo nimeposti ile picha niliyoficha, iko kwa ukurasa wangu. Komenti ziko wazi. Mnitukane kama mnataka, nimejitayarisha. Lakini kabla ufanye hivyo, nina ombi. Kesho ukingoja matatu, kuna mti hapo stage. Upo, ni vile tu haujawahi kuuangalia. Weka mkono kwa gome lake. Angalia kama ni mraba, nyuzi, karatasi au soksi. Angalia kama kuna mahali palibanduliwa. Halafu pigia shosho wako, au nyanya, au dani, au gogo, au bibi, vile mnamuita kwenu, umuulize huo mti unaitwaje kwa lugha yenu na gome lake lilikuwa linatibu nini. Weka jina hilo hapa chini. Nitayapanga yote kwa video moja, na nitataja kila lugha.

Mimi naanza: muiri. Kikuyu. Tumbo na kifua.